Nilivyomwachia Mringwari Aseme

Mwezi uliopita, baada ya kukataliwa mara nne, muswada wangu ulipata mchapishaji. Sikutangaza popote kwa sababu mkataba ulikuwa haujatiwa saini. Sasa umetiwa, kwa hiyo natangaza, na wale waliokuwa wakiniuliza kwa kejeli "kile kitabu kimefika wapi" wajue kimefika.

Nilikuwa bado natembea na furaha hiyo kifuani msomaji mmoja aliponiandikia: "Shikamoo kaka. Naandika riwaya ya malkia aliyemuua dada yake ili atawale. Yeye ndiye msimulizi. Nataka wasomaji wampende. Nifanyeje?" Nikamjibu marahaba, nikamwambia asubiri nimwandikie kwa kituo. Dada, kituo chenyewe ndicho hiki, na kwa kuwa najua hauko peke yako katika safari hii, wacha wote wasome.

Riwaya yangu ni ya fantasia, maneno 110,000 na ushei, na anayesimulia ni Mringwari, sultani wa Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, aliyepanga kifo cha Fumo Liyongo. Hadithi ya Liyongo mnaijua. Ipo katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na kabla ya hapo mmishenari Edward Steere aliichapisha kwa nathari mwaka 1870. Jitu la nguvu, malenga, hodari wa upinde, asiyeuawa na chuma chochote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mringwari yeye ni sultani mwenye hofu, basi. Wasimulizi wengine huongeza kwamba wawili hao walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, wengine husema ni binamu. Mimi nilishika ule wa ndugu. Nilikuwa na sababu zangu, nitazisema.

Rasimu ya kwanza ilikuwa aibu, na naisema aibu hii kwa sababu ujumbe wako, dada, unanuka kosa lile lile. Nilitaka Mringwari apendwe. Nikamfanya mpole, mcha Mungu, mlezi wa mayatima. Liyongo nikamfanya mlevi na mpiga wanawake. Ile sindano nikaizima kabisa: kwangu Liyongo alikufa kwa homa, watu wakamsingizia sultani. Niliona nimefanya jambo la ujasiri. Nikampa rafiki yangu mmoja asome, mtu asiyejua kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alinirudishia siku ya tatu, akasema, "Umewabadilishia kanzu tu. Mwema amekuwa mwovu, mwovu amekuwa mwema. Hadithi iko wapi?"

Nilinuna. Nikapeleka kwa wachapishaji bila kubadili kitu. Wawili hawakujibu. Wa tatu alijibu kwa mstari mmoja. Wa nne, na huyu bado ananiuma, mhariri wake alinipigia simu mwenyewe na kuniambia kwamba Mringwari wangu analalamika kuliko anavyotawala, halafu akaniuliza kwa nini namchukia Liyongo kiasi kile. Nikasema simchukii. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kuna mtu mwingine unayemchukia." Akakata simu. Tabia gani hiyo? Hata kama ni kweli, hukati simu.

Lakini ilikuwa kweli.

Nina kaka mmoja, ananizidi miaka minne. Kaka anaimba. Kaka akiingia kwenye harusi, harusi inaanza upya. Alipotea nyumbani miaka sita, haandiki, hapigi simu, na siku aliyorudi mama alilia kwa furaha hadi majirani wakadhani kuna msiba. Miaka yote hiyo sita nilikuwa dukani kwa baba, naandika madeni ya watu kwenye daftari, nampeleka baba kliniki, naamka usiku kuangalia kama tangi limejaa maji. Hakuna aliyelia kwa furaha kuniona mimi. Mtu halilii tangi lililojaa.

Wahenga wanasema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ushauri mzuri kwa jirani. Aliye ndani ya ugomvi hakuambiwa ashike nini. Mimi nilishika kalamu, na kwa maneno elfu themanini nilikuwa nampiga kaka yangu kwa mkono wa Mringwari bila kujijua.

Niliiweka rasimu ile kando kwa muda, nikaurudia utendi nikiwa na daftari. Nikaorodhesha kila analotendewa Liyongo na kila analotenda yeye, nikajiwekea sharti moja: sitafuta tukio hata moja. Sindano inabaki. Mtoto wa Liyongo aliyetumwa kumuua baba yake anabaki, na ahadi ya kuozwa binti wa sultani inabaki. Ninachoruhusiwa kubadilisha ni mahali aliposimama anayetazama.

Dada, hapo ndipo kitabu kilipoanza kuandikika.

Chukua ule mkasa wa mkoma, mti wa jamii ya mnazi. Vijana wamepangwa: kila mmoja apande kwa zamu kuangua makoma, na zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu, wamtie mishale. Liyongo hapandi. Anachukua upinde na kuyaangusha makoma kutoka chini. Katika utendi tunacheka, tunampigia makofi. Sasa simama kwa Mringwari. Yuko barazani, anangoja kuletewa maiti, na anayeingia ni ndugu yake, hai, kanzu haina hata vumbi, anafungua kiganja na kumpa makoma matano. "Chukua, ndugu yangu, najua hutoki." Na Mringwari analazimika kuyala mbele za watu. Sura hiyo niliiandika kwa usiku mmoja. Sikubadilisha chochote kuhusu mkoma.

Au usiku wa gungu, ile ngoma ya sherehe. Liyongo amefungwa, amepewa siku chache kabla ya kuuawa, anaomba wamchezee gungu. Mama yake, Mbwasho, ameshampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, kwa mkono wa kijakazi Saada, maana mkate mzuri walinzi huula wenyewe na wa wishwa hawautaki. Twari zinalia, matuazi yanalia, na ndani ya kelele hiyo Liyongo anakata pingu. Nilijiuliza Mringwari yuko wapi. Nikamweka dirishani. Kwangu mimi Mringwari hana sauti ya kuimba, lakini ni mtu wa hesabu, kila kitu anakihesabu, hata mapigo ya ngoma. Na usiku ule anasikia pigo moja limezidi. Kwaruu. Linarudi. Kwaruu. Anajua ni nini. Anafunga dirisha, anakwenda kulala.

Kwa nini? Sikuandika kwa nini. Rafiki yangu yule mkali aliposoma ukurasa huo alinipigia simu saa sita usiku, naye si mtu wa kupiga simu. Nakiri kwamba nilijisikia kama nimevishwa kilemba.

Upande wa fantasia sikuwa na kazi kubwa, na hapa wengi mnajitesa bure. Mnaazima majoka yasiyowahusu huku nyumbani mna mtu asiyeuawa na chuma, anayepuliza panda, yaani baragumu, hadi inapasuka, anayebeba kwenye mfuko wake kinu na mchi na vyungu na mawe ya kusagia. Kitu kimoja tu niliongeza mimi. Katika Pate yangu, visima vya mji vimefungwa kwa kiapo na mwili wa sultani. Akiwa mjini, maji ni matamu. Akivuka ufuko tu, yanageuka chumvi. Kwa hiyo Mringwari hajawahi kutoka. Tangu siku aliyotawazwa hajui upande wa pili wa bahari una harufu gani, na ndugu yake anayesifiwa kwa kuzunguka misitu yote ya bara hurudi na kunywa maji matamu bila kuuliza kwa nini ni matamu.

Mtaona tangi la baba hapo. Nami nililiona, ila nilikuwa nimeshamaliza sura.

Kiapo hicho kilinitatulia na mwisho. Katika simulizi, Liyongo akiisha kuchomwa hufika kisimani, hupiga goti na kuvuta upinde, na hufa akiwa vile vile. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, hawathubutu kuteka maji, mji unakaa na kiu. Nilipolifikia tukio hilo sikuwa na la kuongeza. Mtu aliyetoa maisha yake kwa ajili ya visima amezuiwa kisimani na maiti ya ndugu yake. Mambo mengine hupangwa na waliotutangulia, sisi tunayaokota tu.

Sura iliyonitoa jasho ni ya sindano. Miezi mitano. Tatizo lake ni rahisi kulieleza: anayesimulia hakuwepo. Mtoto alikwenda peke yake, akamsubiri baba yake alale fofofo, akamchoma. Nilijaribu kumfanya Mringwari aote, ikawa upuuzi. Nikajaribu mtoto arudi na kumsimulia, ikawa ripoti ya polisi. Mwisho nikaandika sura ya sindano ambayo haina kuchomwa kokote. Ina Mringwari kwa mhunzi, anachagua shaba, anauliza kama ncha inaweza kuwa nyembamba zaidi, mtoto asipate tabu. Anamkabidhi mtoto, anamtengenezea kola ya kanzu. Kisha siku zinapita naye anapokea wageni, anaamua kesi ya mbuzi, anakula. Ndivyo wenye enzi wanavyoua. Siku ya mauaji wako mbali, wanajadili mbuzi.

Sasa nirudi kwako, dada, na kwa wengine mnaoandika waovu wenu. Acheni kutaka apendwe. Msomaji hakununua kitabu ili aombwe msamaha. Mwache malkia wako amuue dada yake, kweli kweli, na mkono wake uwe na damu. Kazi yako ni kutuonyesha alikuwa anaona nini siku ile. Usifute dhambi yake. Narudia: usiifute. Na usimchafue dada yake ili yeye aonekane safi. Dada awe mzuri, awe anapendeka, tumpende hata sisi, ndipo itatuuma kwamba malkia naye alimpenda na bado akafanya alichofanya. Wivu wa kumwonea mtu mbaya si wivu, ni haki. Wivu wenyewe ni ule wa kumwonea mtu ambaye hata wewe ungemchagua.

Na jichunguze. Kama nduguyo wa damu yumo humo ndani amevaa taji, mjue mapema, kabla mhariri hajakukatia simu. Sisemi umtoe. Ukimtoa kitabu kitakufa. Lakini ujue yumo, umpe maneno mazuri kuliko unayompa msimulizi wako, na kila unapohisi raha ya kumdhalilisha, ondoka mezani ukanawe uso. Vijana wengi siku hizi wanaandika ili kulipiza, wanaita ni sanaa. Kulipiza ni rahisi, kila mtu anaweza. Nasema nikiwa nimelipiza kwa rasimu nzima, kwa hiyo msiniambie nahubiri nisichokijua.

Soma kazi yako kwa sauti, pia. Mringwari wa kwanza alikuwa anasema "mimi" mara kumi kwa ukurasa. Nilipoisoma kwa sauti nilichoka naye kabla sijamaliza sura. Wa sasa anazungumzia visima, hesabu, bei ya nafaka, mafundi, na nafsi yake inapenya humo yenyewe.

Nilidhani nimemaliza. Mkataba uliposainiwa nilimtumia kaka muswada wote, bila maelezo. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka alie kwa furaha. Alikaa kimya siku tisa, na siku ya kumi akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Hakusema kama ni kizuri. Hakusema kama amejiona. Alikohoa, akasema, "Mdogo wangu, nimesoma. Swali moja tu. Siku zote zile Liyongo alizokaa gerezani, Mringwari hakwenda kumwona hata mara moja. Kwa nini?"

Katika utendi haendi. Hata mimi haikuwahi kunipitia akilini. Miaka ile sita nilikuwa na namba ya simu ya kaka, alimwachia mama kwenye kipande cha karatasi, kilikaa ndani ya daftari la madeni.

Mhariri amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nimefungua upya sura ya 19. Mringwari ameshika taa, ameshuka ngazi, yuko mlangoni kwa walinzi, na mkate wa wishwa uko pale chini, haujaguswa. Nimekwama hapo tangu Jumatatu.