Mume alifika siku ya 14, yai bado lilikuwa njiani

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Morogoro, mume wangu anafanya kazi Dodoma. Mtoto wetu wa kwanza ana mwaka na miezi saba, bado ananyonya, hasa usiku. Siku zangu zilirudi alipofikisha mwaka na miezi miwili, ila zinakuja zinavyotaka: kwanza zilipishana siku 38, zikaja 52, juzi 44. Tunatafuta wa pili. Programu ya simu inasema siku ya 14 ndiyo ya kushika mimba, mume anapanda basi anakuja, na bado hakuna kitu. Mama mkwe anataka nimwachishe mtoto ziwa leo leo, nisije nikambemenda. Rafiki yangu naye kaniletea vidonge vya kupevusha mayai kutoka duka la dawa. Nivimeze? – Mama K.*

Marahaba, mwanangu. Vidonge viweke juu ya kabati kwanza, tupige hesabu.

Hiyo siku ya 14, ukihesabu tangu hedhi ianze, imewaliza wengi. Ni ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, basi. Yai huhesabiwa kwa kurudi nyuma: likishatoka, hedhi hufuata baada ya siku kama 14, na kwa anayenyonyesha huweza kupungua kidogo. Kinachorefusha mzunguko wako ni ule muda wa kulisubiri yai. Sasa chukua namba zako. 38 toa 14, inabaki 24. 52 toa 14, inabaki 38. 44 toa 14, inabaki 30. Kwa hiyo baba wa watu amekuwa akishuka stendi ya Msamvu na begi lake siku 10, mara nyingine siku 24, kabla ya yai. Mbegu zake zikijitahidi sana hudumu mwilini mwako siku tano. Yai lenyewe halimalizi zaidi ya siku moja. Vingekutana wapi?

Na mizunguko ya kwanza kwa anayenyonyesha ina tabia zake. Mara nyingine damu inakuja na hakuna yai lililotoka kabisa.

Sababu unaijua, inalala kitandani kwako. Mtoto anaponyonya, ubongo humwaga prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, na kunyonya huko huko kunatuliza ishara zinazoamsha mayai. Usiku ndipo homoni hiyo hupanda zaidi. Wako analala na ziwa mdomoni, akigutuka anajihudumia mwenyewe, wewe hata macho hufungui. Mayai yanasikia.

Ila sikutumi kumwachisha ghafla. Najua shughuli yenyewe: shubiri kwenye chuchu, mtoto analia hadi adhana ya alfajiri, maziwa yamejaa yanauma kama jipu. Anyonye mchana kama kawaida, punguza usiku. Anza na lile la saa nane: maji kwenye kikombe, mpapase mgongo, alale. Likishazoeleka, gusa lingine. Wapo wanaoshika mimba bila kupunguza chochote, lakini kwa mizunguko kama yako, usiku ndio mahali pa kuanzia.

Kuhusu kubemenda, usigombane na mama mkwe. Aliyoyaona aliyaona. Mtoto aliyetolewa ziwani kwa sababu mama ana mimba alikonda kweli, kwa kuwa maziwa yalikatwa na sahani yake haikuongezwa. Hata jina kwashakoo limetoka kwa Waga wa Ghana, na kwao ni ugonjwa wa mtoto aliyempisha mdogo wake. Maziwa ya mama mjamzito si sumu. Yatapungua na ladha itabadilika, mtoto anaweza kuyakataa mwenyewe. Wako ana meno, mpe yai, maharage, dagaa, uji wa maziwa, na mama mkwe amwone akila.

Sasa iache simu, usome mwili. Ukienda chooni, jipanguse kabla ya kukojoa, utazame. Siku nyingi utakuta pakavu, au ute mzito unaokatika. Siku ukiushika kati ya kidole gumba na cha shahada ukavutika kama ute wa yai bichi, hizo ndizo siku zenyewe, zile tulizofundishwa kuziita siku za hatari. Kwa anayenyonyesha ute huo unaweza kuja, ukapotea, ukarudi, kwa sababu mwili unajaribu na kughairi. Msiusubiri kama basi la mwisho. Mume akiwa nyumbani, kila siku mbili tatu inatosha. Na likizo yake aichukue ya wiki mbili, kuanzia siku ya 22 hivi. Hizo safari za usiku mmoja ni kuitajirisha stendi.

Vidonge usimeze. Vinatolewa na daktari baada ya vipimo, vinaweza kupunguza maziwa na kukuletea mapacha. Isitoshe, kwa mizunguko hii unaweza kuwa tayari mjamzito bila kujua. Pima mkojo siku 21 baada ya kukutana, usingoje kuchelewa, maana wewe hujui kuchelewa ni lini. Kinachonunulika leo ni foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku.

Hukuniambia ulijifungua kwa njia gani. Kama ni kwa upasuaji, pita kliniki uulize kabla ya kuendelea. Na kama uliwahi kuchoma sindano ya uzazi wa mpango, jua kwamba uzazi huweza kuchukua miezi 10 au zaidi kurudi tangu sindano ya mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kubeba nyingine, nawe una 19. Hujachelewa hata kidogo. Lakini damu ikipotea miezi mitatu na kipimo kinasema hakuna mimba, ikitoka kwa mabonge, au mwaka ukipita mkijaribu ipasavyo, nenda hospitali na mumeo, naye apimwe. Mwambie daktari unanyonyesha kabla hajakupima prolaktini, la sivyo majibu yatamtisha bure.

Na kwa kuwa mama mkwe anataka sana kusaidia, mwombe alale na mjukuu usiku mbili tatu, hasa wiki zile mbili.