Mtandao wa nyumbani ukisumbua, angalia ukuta kwanza kabla hujaongeza kifurushi

Kila mara kuna mtu ananipigia ananambia mtandao wangu mbovu, nimelipia faiba lakini kikao cha video kinaganda, sauti inakatakata, bosi kachoka, na mimi swali langu la mwanzo ni hilohilo: wewe umekaa wapi na rauta iko wapi? Mana sisi tunaofanya kazi za mbali tukiwa hapa Zanzibar tunachanganya vitu viwili, intaneti inayoingia nyumbani na waifai inayoisambaza humo ndani. Kila kimoja kinaharibika kivyake. Nimeona watu wanahamia kifurushi cha spidi mara mbili, pesa nyingi kila mwezi, na kikao kinaganda vilevile kwa sababu tatizo lilikuwa ukuta.

Mimi nakaa Mji Mkongwe, nyumba ya ukoo, mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wake karibu nusu mita. Fundi wa faiba alifunga boksi pale waya ulipoingilia, ukumbini chini karibu na mlango, akaenda zake. Chumba changu cha kazi kiko juu, nyuma kabisa. Basi mawimbi ya 5 GHz, yale yenye spidi, yanafia kwenye ngazi. Yale ya 2.4 GHz yanapenya zaidi lakini yakifika juu yamechoka, na huko yanakuta rauta za majirani wote zinagombania nafasi moja. Hapo ukienda kwenye setingi za rauta chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajajazana, hizo tatu ndo haziingiliani. Kuna apu za bure za simu za Android zinakuonesha nani yuko chaneli gani. Inasaidia kidogo. Haiondoi ukuta.

Sasa kujua ugonjwa uko wapi. Chukua laptop, sogea mpaka kwenye rauta, chomeka kebo ya mtandao moja kwa moja, pima spidi. Kisha rudi chumbani pima tena kwa waifai. Ukikuta chini ni safi na juu ni balaa, kampuni haina kosa, usiwapigie simu ukajichosha. Kipimo kingine nnachokipenda zaidi ni ping, yaani laptop inatuma ujumbe mdogo na kupima unachukua muda gani kurudi. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike ping 192.168.1.1 -t (namba ya rauta yako imeandikwa chini yake, nyengine huwa 192.168.0.1 au 192.168.8.1), halafu dirisha la pili uandike ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni seva ya Google, iko nje ya nyumba), uziache zote zinakwenda huku upo kazini. Kikao kikiganda tu, tazama. Kama ile ya rauta imeruka kutoka milisekunde chache hadi mia kadhaa, au inapoteza paketi (ujumbe haurudi), hiyo ni waifai yako. Kama ya rauta imetulia na ya nje ndo inayumba, hapo tatizo liko kwenye laini au mbele zaidi, piga picha skrini yenye saa, weka siku mbili tatu, uwatumie huduma kwa wateja. Nakwambia ukiwa na picha zenye saa unasikilizwa, ukisema tu mtandao unasumbua utaambiwa zima uwashe.

Na kuzima na kuwasha nako kufanye vizuri, zima, subiri kama nusu dakika, washa, uiache itulie. Lakini kama unalazimika kufanya hivyo kila siku, hiyo rauta inaumwa, pengine inachemka. Itoe kabatini, itoe nyuma ya TV na juu ya friji.

Dawa ya kweli kwa nyumba zetu hizi za mawe ni kuvuta waya. Kebo ya mtandao ya Cat6 yenye shaba tupu, siyo ile rahisi ya aluminiamu iliyopakwa shaba, inakwenda mpaka mita mia bila wasiwasi, unaipitisha ngazini au dirishani, na juu unafunga rauta ya pili ndogo ikae chumba cha kazi. Kutoboa usitoboe ovyo, Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na kuta hizo hazizibiki kwa saruji kienyeji. Vile vidude vya kuchomeka ukutani vya kurudisha mawimbi mimi sivipendi, vingi vinapokea na kurusha kwa redio ileile kwa hiyo spidi inakatika nusu, na watu wanavifunga kwenye chumba kile kile kisichoshika.

Kitu chengine kinachosahaulika ni spidi ya kupandisha, yaani ya kutuma kutoka kwako kwenda nje. Kikao cha video kinakula pande zote mbili. Simu za watoto zikianza kupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni mchana, sauti yako huko Ulaya inakuwa ya roboti hata kama kushusha kuko juu. Weka bekapu zote usiku.

Walioko shamba na pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, hata Pemba huko ambako wengi bado mnategemea rauta ya laini ya simu, kwenu ni mambo ya mnara. Fungua ukurasa wa setingi za rauta utafute RSRP, namba ya nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia: karibu na -80 ni nzuri sana, ikiteremka -110 huko hufanyi kikao. Isogeze dirisha hadi dirisha ukitazama namba hiyo, chini ya bati moto ni vibaya, na minazi mingi iliyolowa mvua nayo inakula mawimbi. Antena ya nje inasaidia khasa, ila chumvi ya bahari inakula vichwa vya kebo, vifunge vizuri visipitishe maji na uvikague kila baada ya masika.

Umeme sina haja ya kueleza sana, wa Unguja tunakumbuka kisiwa kilivyokaa bila umeme Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Nunua UPS ndogo ya rauta, yaani betri inayoiendesha umeme ukikatika, ile ya volti 12, hakikisha volti zinalingana na adapta yako. Laptop ina betri yake, rauta haina.

Na kuna siku kosa haliko nyumbani wala kwenye mnara. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania nzima ikayumba, hapo hata uvute waya wa dhahabu. Kwa siku kama hizo mwambie bosi mapema, zima kamera ubaki na sauti, na uwe na laini ya mtandao mwengine yenye bando tayari. Jaribu hotspot yake siku ya kawaida, ukiwa palepale mezani pako, uone inashika kiasi gani.

Mvua ikianza kunguruma, chomoa adapta na waya wa antena ya nje. Faiba yenyewe ni kioo, haipitishi umeme, lakini adapta inaungua na rauta inakwenda nayo.