Kwenda Ladakh peke yako: mambo ya kuamua ukiwa bado Dar

Ukiaga kwenu kwamba unakwenda India, jiandae kuulizwa unaumwa nini. Kwa wengi wetu India ni hospitali, harusi au mzigo wa duka, na hata aliyewahi kufika huishia Mumbai, Chennai au Delhi. Ladakh ni habari nyingine. Iko nyuma ya safu ya Himalaya, mpakani na Tibet. Ni jangwa la mawe lenye baridi kali, mvua yake ni milimita mia hivi kwa mwaka mzima, na wenyeji wengi wa upande wa Leh, mji wake mkuu, ni Mabudha wa mapokeo ya Kitibeti. Tangu Oktoba 2019 imetenganishwa na jimbo la Jammu na Kashmir, na sasa inatawaliwa moja kwa moja kutoka Delhi.

Wanaoniandikia wakitaka kwenda peke yao huuliza kuhusu wizi, usumbufu, na mwanamke kulala peke yake katika nyumba ya wageni. Nitajibu hayo huko chini kwa kifupi, maana Ladakh hayakunisumbua. Kilicho kizito ni urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, na namna unavyobadilika ukiwa huna mwenzako.

Uwanja wa ndege wa Leh uko zaidi ya mita 3,200, na mji wenyewe karibu mita 3,500. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala Mandara, mita 2,700, ndipo afike Horombo, mita 3,720, na wengi huongeza usiku wa pili hapo hapo Horombo ili mwili uzoee. Wewe unayetoka Delhi, mji ulio mita 200 na ushee tu, unaruka kwa saa moja na nusu hivi na kuteremshwa kwenye hewa ambayo shinikizo lake ni kama theluthi mbili ya ile ya Dar. Usijidanganye kwamba ulishafika Uhuru kwa hiyo umekingwa. Mazoea ya mwili huisha baada ya wiki chache ukiwa chini, na ujana au mazoezi ya gym havisaidii kitu hapa. Nimeona kijana mwenye kifua cha mcheza raga amekaa ngazini kwa mwenyeji wake ameshika kichwa, huku bibi wa Kifaransa akipita na kikapu chake cha aprikoti kavu, yale matunda madogo ya manjano.

Kwa hiyo siku mbili za kwanza Leh ni za kutofanya kitu. Nazungumzia kulala, kunywa maji, kula supu ya thukpa na kutembea hadi duka la karibu. Usipande ngazi za kasri la Leh siku unayofika, hata kama unaliona dirishani. Pombe acha. Baada ya hapo kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, sehemu unayolala isipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Daktari wangu aliniandikia asetazolamaidi, ile wengi wanayoiita Diamox, miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kuruka. Itakutekenya vidole na kukupeleka msalani mpaka uchoke, lakini inasaidia mwili kuzoea. Wewe ambaye Septrin au SP hukutoa vipele, mwambie daktari mapema, kwa sababu dawa hii ina undugu na salfa.

Sasa nije kwenye kuwa peke yako. Kilimanjaro una kiongozi anayekuuliza kila jioni umekula nini, anakuwekea kipima oksijeni kidoleni, na akiona mambo siyo anakuteremsha utake usitake. Leh hakuna mtu wa namna hiyo. Ubongo uliokosa hewa ndio huo huo unaotegemewa kutambua kwamba hewa haitoshi. Mtu anaanza kuwa mkali bila sababu, au anacheka ovyo, au anasisitiza yuko sawa, na hayo yenyewe ni dalili. Aliye na mwenzake ataambiwa. Aliye peke yake ataendelea na ratiba yake.

Ndiyo maana nashauri maamuzi yafanyike ukiwa bado pwani na akili yako kamili. Mimi niliyaandika na kumtumia dada yangu Mwanza. Kichwa kikiuma kidogo, napumzika na kunywa panado. Kikiendelea kuuma baada ya dawa na usiku mzima wa kulala, sipandi juu zaidi hata kama gari limeshalipiwa. Nikitapika, nikiyumba kama mlevi, au nikihema nikiwa nimekaa tu, hospitali saa hiyo hiyo. Leh kuna hospitali ya serikali, Sonam Norboo, inayowaona wagonjwa wa urefu kila msimu. Kipimo cha kuyumba ni rahisi: tembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Ukishindwa, usijadiliane na nafsi yako. Dada alikuwa na namba ya nyumba ya wageni, na tulikubaliana nitume ujumbe kila jioni. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo alijua mapema kama nimenyamaza.

Jambo la pili, tafuta nyumba ya wageni ya familia na siyo hoteli. Mtaa wa Changspa na vichochoro vyake vimejaa. Siku niliyofika nilimwomba mama mwenye nyumba, ambaye wote pale humwita Ama-le, anigongee mlango kama sijatokea kwa chai ya asubuhi. Hakushangaa hata kidogo. Kesho yake aligonga kabla jua halijapanda vizuri, chupa ya maji ya moto mkononi, akasimama mlangoni akinitazama usoni na kuuliza kama jana usiku nilimaliza chakula. Nilipomjibu alitikisa kichwa akaondoka. Hiyo ndiyo bima niliyoitumia kila siku. Bima ya kulipia nayo kata, na usome sera yenyewe mpaka uone inafika mita ngapi, kwa sababu nyingi zina ukomo wa urefu ulioandikwa kwa herufi ndogo.

Kuna jambo moja ambalo ramani haikuonyeshi ukiitazama kwa haraka. Kilimanjaro ukizidiwa, kushuka ni kushuka. Ladakh, mara nyingi njia ya kurudi inapanda kwanza. Bonde la Nubra liko chini kuliko Leh, mita 3,100 hivi, watu wanalisifu kwa usingizi mzuri, lakini kutoka huko kurudi Leh kwa barabara ya kawaida unavuka njia ya juu mlimani, Khardung La, mita 5,359. (Kibao cha pale juu kwa miaka mingi kiliandika futi 18,380, yaani zaidi ya mita 5,600. Ukikiona kwenye picha, usikiamini.) Ziwa Pangong liko zaidi ya mita 4,200, na kati yake na Leh kuna Chang La, zaidi ya mita 5,300. Mgonjwa aliyejaa maji mapafuni kwa sababu ya urefu hapitishwi huko bila hofu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kulala mahali popote ni hili: nikizidiwa saa nane usiku hapa, gari litapita wapi?

Jibu la swali hilo ndilo lililopanga ratiba yangu. Siku za kwanza ni Leh na monasteri za kandokando ya mto Indus: Shey, Thiksey, Hemis, na kwa upande wa magharibi Alchi na Lamayuru. Alchi iko chini kidogo ya Leh, na michoro ya ukutani mle ndani ni ya karne nyingi. Taa ya kamera hairuhusiwi. Kisha Nubra. Pangong mwisho kabisa, baada ya mwili kuzoea. Ratiba za siku chache zinazokupeleka Pangong siku ya pili zipo tele mtandaoni, na ni rahisi. Ziache.

Mpangilio huu una faida nyingine: maeneo ya mwanzo hayahitaji kibali. Nubra, Pangong na ziwa jingine, Tso Moriri, viko karibu na mipaka ya China na Pakistan, na mgeni hawezi kuingia bila kibali cha maeneo ya ulinzi, kinachoombwa kupitia wakala aliyesajiliwa Leh. Hapa ndipo msafiri wa peke yake anapokwama, kwa sababu utaratibu wa kibali hicho umezoea kutaka watu wasiopungua wawili. Mawakala wana dawa yake: wanaunganisha majina ya wageni wasiofahamiana kwenye ombi moja. Mpe pasipoti yako siku unayofika, na ukipata kibali toa nakala nyingi, kwa sababu kila kizuizi cha barabarani hubaki na moja. Pia kwenye vioo vya ofisi hizo utaona vikaratasi vya kalamu: tunatafuta watu wawili wa Pangong, kesho kutwa, kuchangia gari. Bei za teksi hupangwa na chama cha madereva, hakuna kupatana sana, kwa hiyo kuchangia ndiyo nafuu yako. Kabla hujatoa pesa, kaeni chai pamoja na hao wenzako. Waulize wamefika Leh lini. Aliyetua jana na anataka Pangong kesho atawaharibia safari.

Karatasi za huku kwetu sitazikalia sana. Viza ya India Watanzania na Wakenya tunaomba mtandaoni, ila hakikisha anwani ya tovuti inaishia gov.in, zipo nyingi za kuiga zinazotoza mara mbili. Kadi ya njano ni lazima kwa anayetoka nchi zilizo kwenye orodha yao ya homa ya manjano, Kenya ikiwemo, na chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika, vinginevyo unaweza kuwekwa karantini. Usibebe simu ya setilaiti wala kile kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti ambacho blogu za Wazungu hukisifia kwa wasafiri wa peke yao. India ni kosa kuwa nacho bila idhini, na watu wamekamatwa viwanjani. Laini ya malipo ya kabla uliyonunua Delhi itanyamaza ukifika Leh. Nunua ya huko huko. Nje ya Leh mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo mwambie dada au yeyote unayemtumia ujumbe ni siku zipi hutasikika, asije akaita ubalozi. Pesa taslimu chukua Leh kabla ya kwenda mabondeni. Mashine za mjini zenyewe zina foleni na huishiwa noti.

Kuhusu usumbufu: Delhi ndiyo ilinichosha, macho na maneno kwa ajili ya rangi yangu, na ushauri wangu ni hoteli ikutumie gari la kukupokea kama unatua usiku. Leh watu walinitazama pia, lakini waliishia kuomba picha na kuuliza Afrika gani. Kwa Waislamu, msikiti wa Jamia uko sokoni kabisa, chini ya kasri, umekuwepo tangu karne ya 17, na nyama halali si ya kutafuta.

Monasteri nazo zina adabu zake. Viatu na kofia unavua, mabega na magoti unafunika, unazunguka kila kitu ukikiacha upande wa mkono wako wa kulia, na ukikaa chini nyayo zisielekee madhabahu. Nenda Thiksey kwa ibada ya alfajiri, fika kabla ya saa kumi na mbili. Watawa hupanda paani na kupuliza baragumu, sauti inashuka bonde zima, kisha wote wanaingia kusoma sala huku watawa watoto wakipita na mabirika. Utamiminiwa chai ya siagi na chumvi. Mtu wa maziwa na tangawizi ataishangaa. Ichukulie kuwa supu. Ukiimaliza kikombe kinajazwa tena papo hapo, kwa hiyo kama umetosheka kiache kimejaa. Usitoke nje kabla hujaiona sanamu ya Maitreya, Buddha ajaye, karibu mita 15, yenye kimo cha ghorofa mbili.

Msimu ni Juni hadi Septemba. Barabara ya kutoka Srinagar, mji wa Kashmir, hupandisha taratibu kuliko ile ya kutoka mji wa Manali, na kwa mwili ni bora hata kuliko ndege, lakini Kashmir hubadilika: Aprili 2025 watalii walishambuliwa Pahalgam. Septemba mwaka huo huo Leh yenyewe ilikuwa na maandamano na amri ya kutotoka nje. Soma habari za wiki unayokata tiketi, si za mwaka jana.

Na tiketi za ndege ya Leh na ya kurudi nyumbani zisigusane. Ndege za Leh huruka asubuhi, na hali ya hewa ikifunga bonde zinafutwa, abiria wa leo wakagombea viti na wa kesho. Kama tiketi zako ni za mashirika mawili tofauti, la pili halitakusubiri. Acha siku mbili Delhi katikati. Chumba cha siku mbili ni nafuu kuliko tiketi mpya ya Dar.