Jibu: Nyumba nzima ya kupanga kwa wageni wa mahafali, Iringa

Salaam, ndugu. Umeuliza namna ya kupata nyumba moja itakayotosha ndugu kumi na wawili wanaotoka Tanga kuja kwenye mahafali ya mdogo wako pale chuo cha Mkwawa, badala ya kuwatawanya kwenye nyumba za wageni.

Binafsi huanza na maji kabla ya bei. Mwombe mwenye nyumba akuoneshe simtanki na ufungue bomba la bafuni mwenyewe, kwa sababu nyumba inayomtosha mpangaji na wanawe wawili hukauka asubuhi moja tu watu kumi na wawili wanapojiandaa kwa wakati mmoja. Kisha hesabu vitanda, si vyumba. Madalali hutaja vyumba vinne, ukifika unakuta magodoro mawili na zulia. Blanketi nazo uziulize, maana wageni wa pwani huidharau baridi ya huku mpaka usiku uingie.

Kuhusu eneo, Gangilonga na Wilolesi zina nyumba kubwa zenye uwanja wa kuegesha magari. Kama wazee watakuja kwa basi, kumbuka kwamba stendi kuu iko Igumbilo, chini ya mji, hivyo panga usafiri wa kuwapandisha mapema.

Usitume fedha kabla mtu unayemwamini hajaingia ndani ya nyumba, na andikianeni makubaliano yanayotaja idadi ya watu, nani analipia LUKU (umeme wa kulipia kabla), na kama kupikia uani kunaruhusiwa. Hilo la kupikia ndilo huleta ugomvi zaidi, hasa masufuria ya pilau yakishatua.