Maswali Yenu: Uhandisi wa Ndege za Kijeshi, Mlango ni Upi?

Barua za mwezi huu zimejaa vijana wanaotaka kazi ya ndege za kivita, droni na teknolojia ya ulinzi. Tumechagua tano. Mbili za mwisho zinahusu pesa na visa zaidi kuliko uhandisi, lakini ndizo zinazowaangusha wengi.

Nilipata B+ katika KCSE, A- ya hesabu na B+ ya fizikia. Ndoto yangu ni kuunda ndege za kivita. Baba anasema niende Lanet, chuo cha maafisa wa jeshi, moja kwa moja, mwalimu wangu anasema nianze na chuo kikuu. Nimsikize nani? – Msomaji, Buruburu

Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anakuelekeza kwenye kazi yake. Ukienda Lanet, Nakuru, unaingia kama kadeti wa kawaida. Umri unaotakiwa ni kati ya miaka 18 na 26, urefu usiopungua mita 1.60, na jeshi ndilo linaloamua utumike wapi. Unaweza kuomba hili ukapewa lile. Ukipitia chuo kikuu, baadaye unaomba kama afisa mtaalamu, na hapo umri usizidi miaka 30. Piga hesabu mapema: shahada ya uhandisi hapa nchini ni miaka 5. Ukianza ukiwa na 19 unamaliza na 24, labda 25 kukiwa na migomo au ukichelewa kupata nafasi ya mafunzo ya kazini. Muda upo, lakini si wa kuchezea.

Mlango wa tatu watu huusahau, nao ni wa mafundi. Mwenye cheti au diploma ya ufundi huingia kama kurutu fundi, na Chuo cha Kiufundi cha Majeshi kiko hapa hapa Nairobi, Embakasi. Fundi ndiye anayeshika spana kila siku. Mhandisi huishika mara chache kuliko vijana wanavyodhani.

Kuhusu kuunda ndege za kivita, tuseme wazi: Kenya haiziundi. F-5 za Jeshi la Wanahewa zilibuniwa na Northrop ya Marekani na zikafika nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndege za uchukuzi za C-27J zilitoka Italia. Kazi ya mhandisi wetu ni kuifanya ndege ya zamani iendelee kuruka salama wakati vipuri vyake vingine havitengenezwi tena. Chukua mfano wa tundu la bolti kwenye mhimili wa bawa. Fundi anapitisha kifaa cha edi karenti, kinachotafuta nyufa kwa mkondo wa umeme, ndani ya tundu, sindano inaruka, kumbe kuna ufa ambao jicho haliuoni. Swali linakuja mezani kwa mhandisi: je, tundu lipanuliwe kwa inchi 1/64 ili ufa uondoke na bolti nene zaidi iwekwe, au mhimili wote ubadilishwe? Kabla ya kutia sahihi anapima umbali kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa chuma. Ukipungua chini ya mara 2 ya kipenyo cha bolti, chuma kilichobaki kinaweza kuraruka, hivyo kupanua hakufai tena. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ikiwa inakuvutia, songa mbele.

Uhandisi wa anga unasomeshwa Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, kile cha barabara ya Haile Selassie. Kabla ya kukubali nafasi yoyote, hakikisha kozi hiyo, kwa jina lake kamili, imo kwenye orodha ya Bodi ya Wahandisi. Majina ya kozi hufanana sana, na shahada isiyotambuliwa na Bodi hukunyima usajili. Bila usajili, mlango wa afisa mtaalamu unaweza kufungwa mbele yako.

Mimi ni fundi wa ndege katika uwanja wa Wilson, nina leseni ya KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Je, leseni hii itanisaidia jeshini, au nitaanza upya? – Fundi, Lang'ata

Haitakuruhusu kutia sahihi kwenye ndege ya jeshi. Mkataba wa Chicago wa 1944 uliziweka ndege za kijeshi, za polisi na za forodha nje ya sheria za usafiri wa kiraia, kwa hiyo jeshi lina utaratibu wake wa kuidhinisha ndege na mafundi. Utapimwa na kufunzwa upya. Lakini mikono yako haianzi upya: kukaza bolti kwa kipimo, kufunga waya wa usalama ukivuta upande wa kukaza, kuhesabu vifaa kabla ya kufunga kidirisha, yote ni yale yale.

Mambo mageni kwako yatakuwa mawili. La kwanza ni vilipuzi vidogo vilivyo ndani ya ndege yenyewe, kwa mfano katriji za kiti kinachomrusha rubani nje. Hakuna anayekaribia chumba cha rubani kabla pini za usalama hazijaingizwa na kuhesabiwa. La pili ni njia za data. Ndege nyingi za kijeshi hutumia MIL-STD-1553, kiwango cha jeshi la Marekani cha kupitisha data kati ya vifaa vya ndege: jozi ya waya uliosokotwa, kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, kompyuta moja inayoongoza na vituo (vifaa vinavyoongozwa) visivyozidi 31, na kwa kawaida kuna njia ya pili ya akiba. Kila ncha ya waya ina kipinga. Kimoja kikilegea, ishara hufika mwisho, hugonga na kurudi ikaharibu ujumbe unaofuata. Kinachowachanganya mafundi ni kwamba kosa hilo huonekana kwenye kituo kilicho mbali na hitilafu. Sanduku la rada linabadilishwa, linabadilishwa tena, na tatizo liko palepale. Angalia vipinga na viungo kwanza. Pima pia urefu wa matawi, yaani waya zinazounganisha vituo na njia kuu: tawi linalounganishwa kupitia transfoma lisizidi mita 6, na lililounganishwa moja kwa moja lisizidi sentimita 30. Ukienda kwenye usaili ukaweza kueleza hayo kwa utulivu, leseni yako itakuwa imekwisha kusema.

Niko mwaka wa nne, uhandisi wa anga. Mradi wangu wa mwisho ni droni ya mota nne, kilo 6, ya kubeba kamera ya uchunguzi. Kwenye karatasi inakaa hewani dakika 28, lakini kila tukijaribu haifiki. Betri ni mpya. Tunakosea wapi? Na je, watu wa ulinzi wataithamini? – Mwanafunzi, Kahawa

Karatasi yenu imeandikwa kwa hewa ya pwani. Uwanja wa Wilson uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 28 hewa ya hapo ina uzito wa karibu kilo 0.96 kwa mita ya ujazo, wakati Mombasa kwenye nyuzi 30 ni kama 1.16. Nguvu inayohitajika kuelea hupanda kadiri hewa inavyopungua, kwa kipeuo cha pili. Droni yenu ya kilo 6, tukichukulia propela za inchi 18 na ufanisi wa jumla wa asilimia 60, inakula wati 608 hivi Mombasa na wati 672 hapa. Betri ya seli 6 yenye saa-ampia 16 ina saa-wati 355, na hampaswi kutumia zaidi ya asilimia 80 yake. Gawanyeni: Mombasa dakika 28, Nairobi dakika 25. Betri haina kosa.

Wengi hujaribu kuponya hili kwa kuzungusha mota kwa kasi zaidi, na hapo mota na vidhibiti kasi huanza kuunguza vidole. Dawa ni propela kubwa. Kutoka inchi 18 hadi 20, nguvu ya kuelea inashuka kwa asilimia 10, yaani karibu yote mliyonyang'anywa na mwinuko. Ila propela ya inchi 20 ni sentimita 51, hivyo mota jirani zikae angalau sentimita 55 kutoka katikati hadi katikati, na mchague mota ya KV ndogo (mizunguko michache kwa kila volti) kwa sababu mzigo wa kuzungusha umeongezeka. Pimeni joto la mota baada ya dakika 5 za kuelea. Ikiwa hamwezi kuishika kwa sekunde chache, rudini mezani.

Jihadharini pia na jedwali la msukumo la kiwanda. Mara nyingi limepimwa karibu na usawa wa bahari. Mnataka jumla ya msukumo mara 2 ya uzito, yaani kilo 3 kwa kila mota. Kwa hewa ya hapa, kwenye jedwali tafuteni mota inayoonyesha karibu kilo 3.8. Kosa hili halionekani siku tulivu. Linaonekana upepo ukivuma alasiri, mota moja ikifika mwisho wa nguvu zake, na droni ikapinduka upande huo huo kila mara.

Kama mnatumia ArduPilot, programu ya kuongoza droni, fungueni kumbukumbu za safari mtazame mtetemo. Chini ya mita 30 kwa sekunde mraba ni sawa. Ukipita 60 droni hupoteza hesabu ya kimo na inaweza kupaa yenyewe. Sababu ya kawaida ni propela isiyo na mizani au bamba la kidhibiti lililofungwa moja kwa moja kwenye fremu. Dira nayo ipandisheni juu ya mlingoti, mbali na nyaya nene za betri, kwa sababu mkondo wa umeme huzaa sumaku. Droni inayozunguka kama kuku aliyekatwa kichwa pindi tu mnapoongeza nguvu, mara nyingi inaugua dira.

Kuhusu sheria: kanuni za ndege zisizo na rubani za 2020 zinataka usajili na kibali cha KCAA, na kimo cha kawaida kisizidi futi 400. Ndani ya Nairobi kuna viwanja vya ndege vya JKIA na Wilson, na kambi ya wanahewa ya Moi pale Eastleigh, kwa hiyo msirushe kitu kiwanjani mtaani mkidhani hakuna anayetazama. Kibali cha kuingiza vipuri ombeni kabla ya kuagiza, la sivyo sanduku litakaa forodhani mpaka muhula uishe.

Na watu wa ulinzi? Hawatashangazwa na droni kuruka. Wanachotafuta ni ripoti ya majaribio: kilichopimwa, kwa kifaa gani, kilivumilia joto na mvua kiasi gani, kiliharibika wapi na kwa nini. Someni jinsi MIL-STD-810, kiwango cha jeshi la Marekani cha kupima uimara wa vifaa, inavyopanga majaribio ya joto, vumbi, mvua na mtetemo, kisha mfanye hata majaribio mawili kwa utaratibu huo mkiwa na vifaa vya maabara ya chuo. Grafu moja ya volti ya betri wakati wa kuelea, yenye tarehe, halijoto na uzito, ina thamani kuliko video yenye muziki. Silaha msiweke, hata ya mchezo. Mtakuwa mmehama kutoka mradi wa chuo hadi kesi.

Binti yangu amepata nafasi ya uzamili wa uhandisi wa anga Uingereza na nyingine Marekani. Akimaliza, viwanda vya silaha vya huko vitamwajiri? – Mzazi, Donholm

Mama, hongera, lakini usiuze shamba kwa tumaini hilo. Marekani ina kanuni za ITAR, zinazodhibiti teknolojia ya silaha: kazi inayogusa teknolojia ya kijeshi hufanywa na raia, mwenye ukaaji wa kudumu au mkimbizi aliyekubaliwa, mwingine yeyote anahitaji leseni maalumu, na kampuni nyingi hazitaki usumbufu huo. Uingereza, kibali cha usalama cha kiwango cha SC kwa kawaida hutaka mtu awe ameishi huko miaka 5. Alama zake haziwezi kubadilisha hayo.

Kwa Uingereza kuna hatua inayowakwamisha Wakenya wengi: cheti cha ATAS, ambacho hutakiwa kwa masomo nyeti ya uzamili, uhandisi wa anga ukiwemo. Hakilipiwi. Aombe mara tu barua ya chuo inapofika, kwa sababu huchukua angalau siku 30 za kazi, na bila cheti hicho hawezi kuomba visa. Aeleze utafiti wake kwa usahihi. Maelezo ya jumla jumla hurudishwa. Asishangae kuulizwa kuhusu nyuzi za kaboni au sensa za mwendo, maana ni vitu vile vile vinavyoingia kwenye makombora. Tangu 1987 nchi kadhaa zimekubaliana kubana hasa teknolojia ya kombora linaloweza kubeba kilo 500 kwa kilomita 300.

Achague mada inayomfungulia milango mingi: uchovu wa metali, ukarabati wa kaboni, upimaji wa nyufa, elektroniki za ndege. Hizo zinalipa kwenye ndege za abiria, na zinahitajika hapa nyumbani pia, hata katika anga za juu: setilaiti yetu ya Taifa-1 ilirushwa Aprili 15, 2023. Na kama angependa kurudi kuwa afisa mtaalamu, asisahau ule ukomo wa miaka 30. Anayeendelea hadi uzamivu mara nyingi hurudi akiwa na 31.

Kuna mtu ameniahidi barua ya kujiunga na Jeshi la Wanahewa kwa shilingi 300,000. Anasema anajua watu ndani. Nimwamini? – Msomaji, Kayole

Usimpe hata nauli. Usajili wa KDF, yaani Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, haulipiwi, na tangazo hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi. Mwenye barua bandia hukamatwa langoni siku ya kuripoti, na anayeshtakiwa ni yeye aliyeibeba, kwa kuwa aliyemuuzia keshazima simu. Hifadhi jumbe zake na namba aliyotaka utume pesa, uzipeleke polisi. Siku ya usajili nenda na kitambulisho na vyeti vyako halisi, si nakala.