"Rip" ni rarua? Inategemea kilichoraruka ni nini

Ndugu, nimeliona swali lako. Duka la nguo limekupa maelezo ya bidhaa zake uyatoe Kiingereza uyaweke kwa Kiswahili, wewe kila penye "rip" ukaandika "rarua", na mhariri amekurudishia kazi ikiwa nyekundu tupu. Sasa unauliza neno sahihi ni lipi. Mimi si mtu wa kamusi. Ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, mwaka wa kumi na tisa huu, na hilo neno limewahi kunitoa pesa mfukoni.

Ilikuwa hivi. Msichana mmoja aliniletea suruali ya jinsi, nguo ya kamera. (Kwa wasioijua Gikomba: kamera ni nguo inayochaguliwa mwanzo kabisa belo la mitumba likifunguliwa, fagia ni ile inayobaki chini jioni.) Sikuwapo. Akaiacha kwa kijana wangu wa kazi, amebandika kikaratasi kwa pini: "Rip the hem." Kijana alikuwa ametoka shule juzijuzi, Kiingereza chake si haba. Alisoma, akachukua makasi, akatoboa kidogo juu ya pindo, akashika pande mbili akavuta. Kwenye mishono ya pembeni alijisaidia na makasi, kwingine ni mikono tu. Mguu wa kwanza, mguu wa pili. Akaziacha nyuzi zikining'inia vizuri, mtindo wa siku hizi. Aliniringia kazi niliporudi, na mimi nikasema sawa, vijana ndivyo wanavyotaka.

Mwenye jinsi akaja jioni. Ni mrefu yule dada, ananipita kichwa kizima. Alichotaka ni pindo lifumuliwe ili suruali ishuke. Alileta suruali fupi, tukampa fupi zaidi. Nililipa mia tisa, na kijana akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini fundi, si ndivyo ilivyoandikwa?" Sikuwa na jibu. Ndivyo ilivyoandikwa.

Tangu hapo mteja akiniandikia neno hilo namrudishia swali: nifumue au nichane? Maana Kiingereza kinaridhika na ile "chwaa" tu, kwamba kitu kimeachana kwa nguvu na ghafla. Kiswahili kinataka kujua kimeachana wapi. Kwenye mshono, au kwenye kitambaa chenyewe? Na kama ni kitambaa, kilifuata njia au kiliraruka ovyo? Mpaka ujue hayo, huna kitenzi.

Tuanze na mshono. Uzi ukitoka na kitambaa kikabaki kizima, nguo imefumuka. Wazee wa Majengo, hapa jirani Pumwani, watakwambia pia imeshonoka, na ukiitoa nyuzi mwenyewe unaishonoa: shona, shonoa, kama funga na fungua. Neno tamu, na vijana wamelisahau. Kuna kijidude cha ncha mbili cha kufumulia nyuzi, na Waingereza nacho wamekipa jina kutokana na "rip", wakati kazi yake yote ni kuhakikisha kitambaa hakichaniki. Mimi natumia wembe, lakini usinifuate. Nimejikata mara nyingi.

Kuchana sasa. Nenda Biashara Street ukanunue mita tatu za pamba. Muuzaji akishapima, hakati mpaka mwisho. Anatia makasi kwenye ukingo, kidogo tu, kama urefu wa kucha, kisha anashika pande mbili na kuvuta, na kitambaa kinafunguka mbele yake kama zipu, mstari umenyooka kuliko ambao ungepata kwa makasi. Huko ni kuchana. Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za urefu, mtande, na nyuzi za upana, mshindio, na mpasuko ukishaanza katikati ya nyuzi mbili unateleza humohumo. Jaribu kuvuta mshazari, utakiharibu bure. Jaribu kwa tisheti, ambayo haina mtande wala mshindio bali ni vitanzi vilivyoshikana, itavutika tu kama chingamu.

Nilijiuliza kwa muda mrefu kwa nini neno hilohilo la kuchana kitambaa ndilo la kuchana nywele. Jibu nililipata kwa mama mmoja wa hukohuko Majengo, asili yake Lamu, aliyekuwa akisuka mikeka. Alikuwa anapasua majani ya ukindu kwa ukucha kuwa vipande vyembamba virefu, na akaniambia anachana. Nikaelewa: kuchana ni kugawa kitu kwa urefu wake kikawa nyuzinyuzi au vipande. Chanuo linafanya hivyo kwenye nywele, ukucha kwenye ukindu, na muuzaji wa Biashara Street kwenye pamba.

Na msumeno kwenye mbao. Mafundi seremala wana misumeno miwili ambayo mgeni huiona ni mmoja. Wa kwanza hukata kukingama na nyuzi za mti, na meno yake yamechongwa kama ncha za visu. Wa pili hupasua kufuata nyuzi, na meno yake ni kama patasi ndogondogo zilizopangwa mstari. Huo wa pili ndio wenye jina la "rip" kwa Kiingereza. Kwa hiyo ukikutana na neno hilo kwenye maelezo ya vifaa vya useremala, usithubutu kuandika rarua. Mbao hairaruliwi. Inapasuliwa au inachanwa, na mteja anayenunua saiprasi anajua tofauti ya kuchana na kukata kuliko mimi na wewe.

Rarua uiweke kwa vita. Mbwa ameshika shati, msumari wa gari la matatu umenasa sketi, mtu amepandwa na hasira akaichukua barua ikawa vipande thelathini. Hakuna mstari pale, ni uharibifu tu, na kinachobaki ni mararu. Pasuka ni kitu kuzidiwa kutoka ndani: umeinama kuokota sarafu na suruali ikatoa sauti nyuma. Hiyo haikuraruka, ilipasuka. (Mara nyingi ilifumuka tu, lakini mwenyewe kwa aibu atasema imepasuka.) Bango ukutani hubanduliwa, tawi hukwanyuliwa, msumari hung'olewa, nyama hunyofolewa mfupani. Vyote hivyo Kiingereza kinaweza kuvifagia kwa "rip" na kijineno kimoja nyuma yake.

Na kuna "tatua". Yule mama wa Lamu aliniambia, "Mwanangu, utaitatua nguo hiyo," nikadhani ananisifu kwamba nitaipatia ufumbuzi. Kumbe ananionya nitaichana. Maana hiyo ni ya zamani na kamusi kuukuu zinayo, ila usiitumie kwenye tangazo la duka. Wateja watafikiri suruali yenu ina matatizo yanayohitaji kikao.

Sasa nitoke kwenye nguo, maana katika mifano yako uliyobandika kuna sentensi nyingine za ajabu.

Ile ya sidii (CD) naijua. Kabla ya cherehani, miaka ya 2003 na 2004, nilikaa na binamu yangu kwenye duka la muziki kichochoro kimoja cha River Road. Mtu analeta sidii, sisi tunaitia kwenye kompyuta na kuzitoa nyimbo ziwe faili. Kiingereza kinaita hiyo "rip", ingawa sidii inarudi kwa mwenyewe nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Sisi tulisema tu kutoa nyimbo, na kuziandika kwenye sidii nyingine ni kuchoma, nako hakuna moto. Sidii ya muziki hubeba vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, na hiyo kila upande wa spika, kwa hiyo dakika moja inakula karibu megabaiti 10. Ukiibana kuwa mp3 ya kawaida inashuka mpaka kama megabaiti moja. Ndiyo maana sidii iliyobeba nyimbo kumi na tano tuliifanya ibebe zaidi ya mia. Tulijiona werevu. Mwenye wimbo hakupata hata shilingi, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilikuwa tayari inasema kuuza nakala bila idhini yake ni kosa. Binamu alifunga duka mwenyewe kabla hajafungiwa. Mimi nikaenda kujifunza kushona.

Kwa hiyo niliyokuwa nikifanya yalikuwa "rip" mbili kwa mpigo, ya kutoa nyimbo na ya kumpunja mtu. Hii ya pili ndiyo iliyo kwenye sentensi yako ya bei, na hapa napo usikimbilie neno moja. Ukiuziwa kitu kwa bei ya juu kwa sababu huna pa kwenda, umelanguliwa. Kila anayepanda matatu jioni mvua ikinyesha anajua. Ukipewa kipimo pungufu, umepunjwa: umelipia mita tatu, ukifika nyumbani ni mbili na robo tatu. Ukiuziwa kitu usichokiona, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukikamuliwa kidogokidogo mpaka huna kitu, umechunwa. Na duka likiiga mshono wa mwenzake likabandika lebo yake, hiyo pia Kiingereza kinaiita hivyo, lakini kwetu ni kuiga au kughushi. Sentensi yako inasema bei za dukani si za "rip-off". Basi andika kwamba hawalangui. Ukiandika "bei zetu haziraruki" watu watacheka mpaka wapasuke.

Kijana wa mazoezi kwenye ile picha ya fulana, anayesifiwa kuwa "ripped", hajachanika popote. Ana misuli inayoonekana mmojammoja, basi. Na ile sentensi ya kaptura za kuogelea kuhusu mikondo ya baharini, "rip current", ni ya usalama, ifanyie kazi kwa makini: ni maji yaliyofika ufukweni yakirudi kwa kasi kupitia njia nyembamba, kama vile kwenye mlango wa mwamba, na yanamvuta mtu kwenda kilindini. Aliyenaswa hashindani nayo kuelekea nchi kavu. Anaogelea sambamba na ufuko mpaka atoke kwenye mkondo. Mimi ni wa Nairobi, bahari naiona Desemba, lakini hilo tuliambiwa na wavuvi mara ya kwanza tu tulipoteremka Pwani.

Ile ya herufi kubwa tatu, tafadhali, itenge kabisa. Mwaka juzi familia moja iliniletea tisheti arobaini za matanga na maneno ya kuchapisha, na mchapaji mwenzangu aliyapitisha kwenye programu ya kutafsiri kwenye simu. Programu ikamletea kitu kuhusu kuchanika, chini ya picha ya marehemu. Bahati niliiona kabla mashine haijawashwa. R.I.P. haina uhusiano wowote na kitambaa. Ni Kilatini, "requiescat in pace", na ni bahati tu kwamba "rest in peace" ya Kiingereza inaangukia herufi zilezile. Kwa Kiswahili ni "apumzike kwa amani", kama ilivyo kwenye sala ya Wakatoliki baada ya "raha ya milele umpe, ee Bwana". Wakiwa wawili au zaidi, Kilatini kinaongeza herufi moja tu ndani ya neno na kifupisho kinabaki vilevile, lakini wewe itabidi uandike "wapumzike". Na kama mteja ni jirani yangu Mwislamu wa Majengo, usimwandikie hiyo kabisa; yeye husema "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un".

Imebaki ile sentensi ya mwisho ya duka lako, kwamba mabegi yao ni "rip-proof". Hapo umeshikwa, kwa sababu Kiswahili kinakulazimisha useme unadai nini. Hayafumuki, maana yake mshono ni imara, uzi mzuri, umerudiwa mara mbili. Hayachaniki, maana yake kitambaa chenyewe ni cha kuzuia mchaniko, kama kile cha mahema na miavuli ya kurukia kutoka ndege, chenye nyuzi nene zilizopitishwa kila baada ya milimita chache ili tundu likianza likwame hapo. Kitambaa hicho utakitambua, kina vijiraba vidogo ukikishika kwenye mwanga. Ni madai mawili, na begi linaweza kuwa na moja likose lingine. Nimerekebisha mabegi ya aina hiyo, kitambaa kingali kipya na mkanda umeng'oka na mshono wake wote.

Mpigie mwenye duka umuulize anadai lipi. Akisema yote mawili, mwombe begi moja la kujaribu, uniletee hapa. Nina wembe.