Kabla hujanunua sensa nyingine ya gari, kagua mpira na waya

Taa ya injini iliwaka mara ya kwanza nikiwa natoka Muheza kuja Tanga mjini, mama yangu kiti cha nyuma, nampeleka kliniki. Gari ni dogo, la petroli, cc 1500, limetengenezwa Japani mwaka 2002 na kufika kwetu likiwa limeshatumika. Katika miezi minane iliyofuata nilibadilisha sensa tatu, yaani vile vifaa vidogo vinavyoipimia kompyuta ya gari hali ya injini, na hakuna hata moja iliyokuwa mbovu. Naandika haya kwa ajili yako mwenye gari la namna hiyo, taa inafutwa leo, keshokutwa imerudi, na hela ya ada ya mtoto inaishia gereji.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine ya kusoma hitilafu chini ya usukani ikasoma P0171. Maana ya namba hiyo ni kwamba hewa ni nyingi kuliko petroli. Haisemi kwa nini. Lakini kwa kuwa taarifa ilitoka kwenye sensa ya oksijeni ya ekzosi, yaani bomba la moshi, tukaing'oa yenyewe tukaweka ya mtumba, namba ikafutwa, nikalipa. Siku ya tatu taa ikarudi. Tukahamia sensa ya kupimia hewa, kisha nyingine ya oksijeni, safari hii mpya dukani. Kila taa ilipofutwa niliondoka na furaha, na kila iliporudi nilimlaumu muuza spea.

Kilichonitoa hapo ni daftari. Nilianza kuandika kila taa ilipowaka: saa ngapi, injini ina moto au baridi, nimetembea kilomita ngapi, niko mwendo au nimesimama, feni imewashwa au la. Baada ya wiki tatu nilisoma kurasa zangu nikaona jambo ambalo hakuna fundi aliyeniuliza. Asubuhi gari lilikuwa zima. Tatizo lilianza baada ya kama dakika arobaini, injini imeshika moto, tena nikiwa nimesimama kwenye foleni, gari linatetemeka sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Nikikanyaga mafuta, linatulia.

Nikanunua kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari kwa simu. Hapa nitoe tahadhari: magari mengi ya Japani ya miaka ile yana soketi inayofanana na ya kawaida, ila kompyuta yake haielewani na kila kifaa. Omba ukijaribu kwenye gari lako kabla hujatoa hela. Changu kilikubali, na nilichokitafuta si namba ya hitilafu bali asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Kwenye skrini huandikwa LTFT. Gari lenye afya hucheza karibu na sifuri, juu au chini kwa asilimia chache. Langu likiwa sailensi lilisoma 22. Nikapandisha mzunguko wa injini hadi 2500 kwa dakika, ikashuka taratibu mpaka 6.

Tofauti hiyo ndiyo jibu lenyewe. Tundu linaloingiza hewa ya wizi, ile isiyopita kwenye sensa ya hewa, lina athari kubwa injini inapovuta hewa kidogo, yaani sailensi. Injini ikivuta hewa nyingi, ile ya wizi inakuwa tone baharini. Kama ingekuwa kinyume chake, asilimia inapanda kadiri unavyokanyaga, ningeangalia chujio la petroli, pampu, au uchafu kwenye sensa ya hewa. Nani angejua hayo kwa kutazama P0171 peke yake?

Nilichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine nikaipitisha polepole juu ya mipira yote ya injini, mbali na mikanda na feni. Nyuma ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye injini, nikasikia mluzi mwembamba. Ni ule mpira mfupi, wenye kona, unaovuta mvuke wa oili kutoka kwenye mfuniko wa valvu. Kwa juu ulikuwa mzima kabisa. Nilipozima gari, nikasubiri lipoe kiasi, nikapitisha kidole kwa chini, kikaingia kwenye ufa wa urefu wa ukucha. Ukiwa baridi ufa unajifunga, ukipata moto mpira unalegea na ufa unafunguka. Mpira mpya ulinigharimu shilingi elfu nane.

Mwaka mmoja baadaye ulikuja ugonjwa wa pili, nao ulinitisha zaidi. Namba tatu kwa mpigo, kila moja ya sensa yake, na gia zikaanza kugonga. Nikaenda kwa mzee mmoja fundi umeme, mtu wa siku nyingi katika kazi hiyo. Nikamwamkia, nikamsomea orodha yangu. Hakugusa sensa hata moja. Akasema, "Mwanangu, sensa tatu haziwezi kufa siku moja. Tafuta zinapokutana."

Zinakutana kwenye waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Alichukua testa ya kupimia volti, waya mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, gari linanguruma, taa na feni zimewashwa. Panapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2 umeme unahangaika njiani. Pale palisoma 0.7. Sensa nyingi hufanya kazi kwa volti 5 tu, kwa hiyo volti 0.7 ikipotea kwenye ethi, kompyuta inasoma uongo mtupu na kuulaumu kila upande. Tulipofungua bolti ya ethi kwenye bodi, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani. Sisi wa pwani tunajua chumvi inavyokula mabati ya paa. Waya wa gari nao haupewi msamaha. Kata, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga waya mpya, paka grisi juu.

Sisemi sensa hazifi. Ya krenki, inayoieleza kompyuta kwamba injini inazunguka, ilikufa kweli, na ilinizimia Segera saa saba mchana. Gari lilizima ghafla kama limenyimwa ufunguo, starta inazungusha vizuri, haliwaki. Nikatazama simu wakati jamaa yangu anapiga starta: mzunguko unasoma sifuri. Injini inazunguka, kompyuta haioni. Nikalowesha kitambaa nikakiweka juu ya sensa, dakika kumi likawaka. Hapo ndipo nilikuwa na haki ya kununua, nami nilinunua mpya, kwa namba ya spea iliyochorwa kwenye ile ya zamani, kwa sababu sensa ya mtumba imeshaishi kwenye joto lilelile.

Kwa hiyo nakuomba, fundi asifute kitu kabla hujaandika namba zote, pamoja na ile kumbukumbu ambayo kompyuta huhifadhi wakati taa inawaka: joto la injini, mwendo, mzunguko. Ikishafutwa hairudi. Tingisha soketi na nyaya kwa mkono gari likiwa linawaka, uone kama injini inastuka. Usikubali injini ioshwe kwa maji ya presha. Na taa ikianza kuwaka na kuzimika badala ya kuwaka moja kwa moja, gari linamisi vibaya, yaani petroli haiungui yote ndani ya injini, na petroli mbichi inaenda kuunguza ekzosi. Punguza mwendo, tafuta mahali salama, simama, zima.